Sekondari na Chuo Kikuu: Daraja kwa Ajili ya Nani?

Utangulizi

Mojawapo ya maswali ambayo taifa lolote linalojenga uchumi wake halina budi kuyajibu ni hili: kijana atoke lini shuleni na kuingia chuo kikuu, na nani amfungulie mlango? Swali hili si la wataalamu wa mitaala peke yao. Ni swali la siasa, maana mlango wa chuo kikuu ni mlango wa madaraka. Anayepita hapo leo ndiye hakimu, mganga, mhandisi na mkurugenzi wa kesho.

Siku hizi liko wazo ambalo limekua sana Marekani na ambalo halikosi kutufikia. Wazo hilo linasema kwamba shule ya sekondari na chuo kikuu vifunge mkataba, ili mwanafunzi aanze kusoma kozi za chuo akiwa bado shuleni. Akifaulu, kozi hizo zihesabiwe katika shahada yake. Wanaolipenda wanatueleza kwamba linaokoa muda na fedha, na kwamba linampa mtoto wa mkulima moyo wa kujiona kuwa anastahili chuo.

Katika makala haya tunakusudia kulihakiki wazo hilo. Hatutalikataa kwa sababu limetoka kwa mabepari, wala hatutalipokea kwa sababu limetoka kwa matajiri. Tutaliuliza lilizaliwa kwa mahitaji gani, kisha tutalipeleka mahali palipo wazi, yaani Tunduma na mkoa wa Songwe kwa jumla, tuone kama linasimama.

Chombo kimoja, mikono miwili

Tukichunguza historia ya wazo hili huko Marekani tunakuta kwamba lina mizizi miwili, na kila mzizi ulitoka katika tabaka lake.

Mzizi wa kwanza ulichipua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shule tatu za bweni za watoto wa matajiri, Andover, Exeter na Lawrenceville, zilishirikiana na vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton, kwa msaada wa fedha za Ford, kutafuta njia ya kuwazuia vijana wao wasirudie chuoni mambo waliyokwisha kuyasoma shuleni. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mpango wa mitihani ya kiwango cha chuo, ambao ulichukuliwa na Bodi ya Vyuo mwaka 1955. Shabaha yake ilikuwa kumharakisha aliyekuwa tayari mbele.

Mzizi wa pili ni wa mwaka 1974. Katika chuo cha LaGuardia, mtaani Queens, New York, mwalimu mmoja wa saikolojia, Janet Lieberman, alianzisha sekondari ndani ya chuo chenyewe. Hakuchagua watoto wa matajiri. Alichukua watoto wa wafanyakazi na wahamiaji waliokuwa karibu kuacha shule. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana huyo hakuzaliwa mjinga. Amechoka kudharauliwa, na akiwekwa mahali pa watu wazima, akaaminiwa, atainuka. Kutoka mzizi huo zilikuja shule nyingi za namna hiyo, hasa baada ya mwaka 2002, fedha za mfuko wa Gates zilipomiminwa humo. Tafiti zilizofanyika huko zimeonyesha kwamba wanafunzi wa shule hizo hufika chuoni na kupata vyeti kwa wingi kuliko wenzao wa hali moja waliosoma kwingine. Ukweli huo tuukubali bila kigugumizi.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba chombo chenyewe hakina tabaka. Panga hulima na panga huua. Kozi ya chuo shuleni inaweza kuwa ngazi ya kumpandisha zaidi aliyekwisha kupanda, na inaweza kuwa kamba ya kumvuta aliyetumbukia. Kwa hiyo mtu akija kwetu na wazo hili, swali la kwanza si kama ni zuri au baya. Tumwulize ni la Andover au ni la Queens.

Mwaka 1974 hapa kwetu

Mwaka ule ule wa 1974, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kulijibu swali lile lile kwa njia iliyo kinyume kabisa. New York walisema kijana aingie chuoni mapema. Musoma ilisema asubiri. Baada ya kidato cha sita aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka miwili angalau, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama. Azimio hilo hilo liliagiza pia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi.

Jibu la Musoma halikuanguka kutoka mbinguni. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa nyumbani. Taifa lilishtuka kuona kwamba wale lililowasomesha kwa jasho la wakulima walikuwa wanahesabu mishahara yao kabla hawajaanza kazi. Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Musoma iliichukua nadharia hiyo ikaifikisha katika mlango wa chuo kikuu.

Lakini mwanamapinduzi anayeogopa kujikosoa ameacha mapinduzi. Tuseme basi waziwazi kwamba utekelezaji wa kipengele hiki ulikuwa na kasoro. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilipungua, kwa sababu miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ambayo msichana huolewa na kubebeshwa nyumba. Ikabidi wasichana waondolewe sharti hilo upesi. Katika masomo ya sayansi na uhandisi ilikuwa vigumu kumrudisha darasani mtu aliyekwisha kusahau hisabati. Na barua ya mapendekezo ilikuwa na hatari ya kugeuka kuwa karatasi ya kujaza tu, au mbaya zaidi, tundu la upendeleo. Katikati ya miaka ya 1980 njia ya kuingia chuoni moja kwa moja ilirudishwa kwa wote.

Hata hivyo, kasoro za utekelezaji haziliui swali. Musoma iliuliza: msomi ataijuaje kazi ya umma ambao unamlipia? Tulipoliacha jibu lake, swali tuliliacha mezani, na liko mezani mpaka leo.

Kidato cha sita ni nini?

Kabla hatujaendelea, hapana budi tuondoe kosa moja la nadharia. Wanaotaka kuleta kozi za chuo katika kidato cha tano na sita wanasahau kwamba kidato cha tano na sita ni kozi ya chuo tangu asili yake.

Julius Nyerere alitoka shule ya Tabora akaingia Makerere mwaka 1943 bila kupita kidato cha sita, maana wakati huo Tanganyika haikuwa nacho. Makerere yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha vijana masomo ya utangulizi kabla ya masomo makuu. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi hiyo ya utangulizi iliondolewa chuoni ikashushwa katika shule za sekondari. Kwa maneno mengine, ule mwaka wa kwanza wa chuo ulikwisha kuhamia shuleni. Ndiyo maana shahada nyingi kwetu huchukua miaka mitatu, na Marekani, ambako hakuna kidato cha sita cha namna yetu, huchukua minne.

Kwa hiyo kulinakili wazo la Marekani kama lilivyo ni kumbebesha punda mmoja mizigo miwili. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejiandaa kwa mtihani wa taifa tayari yuko katika kiwango ambacho vyuo vya Marekani vyenyewe hukubali kukihesabu. Kumwongezea juu yake kozi nyingine, bila kumpunguzia chochote, ni kujenga jina kubwa bila kitu ndani yake.

Funzo la Dodoma

Tanzania imekwisha kujaribu, kwa namna yake, kumpeleka kijana chuo kikuu mapema. Katika mwaka wa masomo 2014/2015 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea vijana waliomaliza kidato cha nne ili wasome stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia. Shabaha ilikuwa halali kabisa. Shule za kata zilizoenea nchini tangu katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na madarasa yasiyokuwa na walimu wa fizikia wala hisabati.

Mwezi Mei 2016 zaidi ya vijana 7,000 wa mpango huo walitakiwa kuondoka chuoni kwa siku chache. Kulikuwa na mgogoro kati ya wahadhiri na uongozi kuhusu malipo ya kuwafundisha, na masomo yalikuwa yamesimama kwa wiki kadhaa. Kisha ikazuka hoja nyingine, kwamba wengi wao hawakuwa na sifa za kuwa chuo kikuu. Baada ya uchambuzi, sehemu kubwa ya waliokuwa na sifa walihamishiwa katika vyuo vya ualimu.

Hatuandiki haya ili kufukua makaburi. Tunaandika kwa sababu kila anayetaka kujenga daraja kati ya shule na chuo lazima apajue mahali daraja lililotangulia lilipokatika. Kwa maoni yetu lilikatika mahali patatu. Kwanza, kazi ya kuwafundisha haikuwa sehemu ya kazi halali ya mhadhiri; ilikuwa nyongeza inayosubiri malipo ya nyongeza, na nyongeza ikikosekana kazi inasimama. Pili, sifa za kuingia hazikuwa zimekubaliwa na wote, na kwa hiyo kijana aliyepokelewa kwa barua halali aliweza kuambiwa baadaye kwamba hakustahili. Tatu, mzigo wa kosa ulimwangukia asiyekuwa na sauti. Kijana wa miaka kumi na minane alibeba sanduku lake kituo cha basi, na waliopanga mpango wakabaki ofisini.

Hili la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Majaribio katika elimu hayafanywi juu ya karatasi. Hufanywa juu ya watoto wa watu.

Wazo linapofika Tunduma

Sasa tulipeleke wazo letu Tunduma. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Ndani yake ziko wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Humo zinapita njia ambazo taifa lilizijenga kwa gharama kubwa ili kuikomboa Zambia kutoka mikononi mwa walowezi wa kusini: barabara kuu ya Zambia, bomba la mafuta la mwaka 1968, na Reli ya Uhuru yenye kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Tangu 2019 kipo kituo cha huduma za pamoja mpakani, Tunduma na Nakonde.

Ukisimama Tunduma unaona dunia inapita. Malori ya shaba yanateremka kwenda Dar es Salaam, ya mafuta na mbolea yanapanda kwenda Lubumbashi na Ndola. Lakini dunia hiyo inapita; haisimami kumfundisha mtoto. Inachomwonyesha ni fedha ya leo. Kijana wa kidato cha pili anayeweza kupata chochote kwa kubeba mizigo, kubadilisha kwacha au kuendesha bodaboda, huanza kujiuliza kidato cha nne kitamsaidia nini. Tusiwe wepesi wa kumwita mvivu. Hesabu zake si za kijinga. Ni hesabu za mtu anayeona fedha mkononi mwa mwenzake na haoni mwalimu wa hisabati darasani.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa wazo tunalolihakiki unapojitokeza. Kozi za chuo katika kidato cha tano na sita zitamfikia nani Tunduma? Zitamfikia aliyekwisha kushinda. Wengi watakuwa wameshaanguka kabla ya hapo. Hilo ni daraja linaloanzia ng'ambo ya mto.

Kuna jambo la pili. Wanafunzi wa kidato cha tano hupangiwa shule nchi nzima. Mtoto wa Tunduma anaweza kupelekwa Tabora au Kilimanjaro, na madawati ya Vwawa yakakaliwa na vijana wa Mara na Lindi. Utaratibu huo ni mzuri, umejenga umoja wetu, na hatuutaki uvunjwe. Lakini maana yake ni kwamba mkataba kati ya chuo kikuu na shule ya kidato cha sita iliyoko Songwe si lazima uwe mkataba na wananchi wa Songwe. Ukitaka kumkuta mtoto wa mpakani, mtafute katika shule ya kata, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Suala la lugha

Hatuwezi kuzungumzia daraja kati ya shule na chuo tukanyamaza juu ya lugha. Mtoto wa Ileje huanza na Kindali nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari huambiwa kwamba fizikia sasa ni Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari na hatimaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mhadhiri wa chuo kikuu akiletwa Tunduma akafundisha kwa Kiingereza cha chuo kikuu, atawasaidia waliotoka katika shule za kulipia, na atawathibitishia wengine kwamba elimu ya juu ni ya watu wengine. Mpango uliokusudiwa kuwa wa Queens utakuwa umegeuka wa Andover bila mtu kubadilisha hata kifungu kimoja cha mkataba.

Nini kifanyike

Uhakiki usiotoa njia ni lawama tu. Tunapendekeza haya.

Kwanza, ushirikiano uanzie chini. Sera mpya ya elimu imeweka miaka 10 ya elimu ya lazima, na mtaala ulioanza kutumika 2024 umefungua mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022. Mlango wa ada umefunguliwa. Sasa kinachotakiwa ni mwalimu na maabara. Vyuo vilivyoko Mbeya, kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, viko mwendo wa saa chache tu kwa barabara. Maabara zao zinaweza kuwapokea watoto wa kidato cha tatu wakati wa likizo.

Pili, masomo ya ushirikiano yatokane na kazi za mkoa. Pale Mbimba, Mbozi, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Mkulima wa kahawa yuko jirani, mwanafunzi yuko jirani, mtafiti yuko jirani, na mara nyingi hawajuani. Pale Ndolezi kimelala Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16 kilichotoka angani. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kukipiga picha. Je, ni watoto wangapi wa Mbozi waliokwisha kufundishwa kemia ya madini na mwendo wa sayari wakiwa wamekiwekea mkono? Na pale mpakani penyewe kuna hesabu za ushuru, za uzito wa mizigo na za thamani ya fedha zinazobadilika kila siku. Kijana anayebadilisha kwacha hujua asilimia kabla hajafundishwa. Somo la chuo linaloanza na ujuzi huo halitamfukuza.

Tatu, chuo ndicho kishuke. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu hutoka vyuoni kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari zetu. Huu ni ushirikiano uliopo tayari, lakini ni wa upande mmoja: huja, hufundisha wiki kadhaa, hukaguliwa, huondoka na alama. Shule hubaki ilivyokuwa. Tunataka chuo kirudi shule ile ile mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ihesabiwe katika kazi ya kawaida ya mhadhiri na kupandishwa cheo kwake. Dodoma imetufundisha kwamba kazi isiyohesabiwa hufa.

Nne, mlango wa waliofanya kazi upanuliwe. Kuna ukweli wa Musoma ambao haukuzeeka, nao ni kwamba kazi nayo ni shule. Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa mwaka 1992, mitihani ya kuwapima watu wazima, na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini ni urithi unaofanana na wazo hilo. Wakati wa ujenzi wa Reli ya Uhuru maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walijifunza ufundi kando ya mafundi wa Kichina, reli ikiwa ndiyo kitabu chao. Aliyeacha shule akabeba mizigo mpakani kwa miaka mitano asihesabiwe kuwa amekufa kielimu. Daraja la kweli lina njia mbili: ya aliye shuleni bado, na ya aliyetoka akataka kurudi.

Tano, masomo ya ushirikiano yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaifikiria. Kiingereza afundishwe vizuri, kama lugha. Sayansi aielewe kwanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka mmoja, 1974, ulizaa majibu mawili. Moja lilimwingiza kijana chuoni mapema ili asipotee. Jingine lilimchelewesha ili asiusahau umma. Wengi huyaona kuwa ni maadui. Sisi tunaona kwamba yote mawili yalikuwa yanapambana na chuo kikuu kile kile kilichojifungia ndani ya ua wake. Kosa letu litakuwa kuchukua ganda la moja na kulitupa lingine, kisha tukajisifu kwamba tumekwenda na wakati.

Kwa hiyo kada wa Chama au mwanafunzi atakayeletewa mpango wa kozi za chuo shuleni, katika wilaya yoyote, aulize maswali manne kabla ya kupiga makofi. Mpango huu unaanzia kidato gani, na walioanguka kabla ya hapo wanaachiwa nani? Mhadhiri atalipwa na nani mwaka wa tatu, wafadhili wakiondoka? Sifa za kuingia zimeandikwa wapi, na nani amezitia sahihi? Na mambo yakiharibika, ni nani atakayebeba sanduku kwenda kituo cha basi?

Mpango ambao wenyewe hawana jibu la swali hilo la nne, usianze.